Upande wa Ini, Upande wa Moyo

Daktari wa picha hakupenda kuulizwa alikotoka, nami sitaanzia huko. Nitaanzia kwenye dirisha lake. Lilikuwa ghorofa ya juu ya hospitali yetu, limeelekea mashariki. Miaka ile ya utawala wa kijeshi sanduku la taa la kusomea picha lilikuwa limening'inia ukutani bila balbu, na balbu mpya hazikupatikana mjini. Kwa hiyo alisoma picha za eksirei kwa mwanga wa mbingu ya Kampala. Aliishika picha kwa ncha za vidole ikiwa bado inadondosha maji, akaiinua kwenye kioo, akanyamaza. Asiyemjua angedhani anatazama kama mvua inakuja.

Mimi nilikuwa mpiga picha wake. Sikusomea kazi hiyo chuoni. Niliifundishwa pale pale mezani, kisha nikajisomea vitabu alivyoniazima, kimoja baada ya kingine. Naandika habari zake kwa sababu moja. Asubuhi moja neno lake lilikaribia kumwua mgonjwa, na herufi niliyoiweka mimi ilikaribia kunipeleka mahali ambapo watu wa miaka ile walikuwa hawarudi. Alichokifanya asubuhi hiyo ndicho kilichoniacha hai nikaweza kuandika. Lakini hakieleweki mpaka kwanza ajulikane mtu mwenyewe.

Watu wengi hawakujua kazi yake ni nini. Siku moja alikuja bibi mmoja kutoka Wandegeya, amevaa gomesi mpya, mshipi umekazwa vizuri, shanga shingoni. Alikuwa ameandikiwa picha ya kifua kwa ajili ya kikohozi. Nilipomwomba avue shanga alinishangaa. "Nimezivaa kwa ajili ya picha," alisema. Tulipomaliza akadai kuiona. Daktari akamwinulia dirishani, na bibi akazitazama mbavu zake kwa makini.

"Mbona hainionyeshi nikicheka?"

"Nnyabo, mama yangu, hii inaonyesha unavyopumua."

"Kwani kucheka na kupumua si kitu kimoja?"

Daktari alinigeukia. "Muswahili, andika kwamba huyu ni mzima. Tena amenishinda."

Aliniita Muswahili kwa sababu babu zangu waliingia Buganda na biashara kutoka pwani, na nyumbani kwetu tuliongea Kiswahili tangu utoto. Chake kilikuwa cha Kampala. "Habali ya asubuhi, Muswahili? Picha ire iko wapi?" L na r kwake zilikalia kiti kimoja, kama kwa Waganda wengi. Sisemi hivyo kumcheka. Nasema kwa sababu kanuni yake kubwa ilizaliwa hapo, kama nitakavyoeleza.

Alikuwa na viatu vizuri kuliko mtu yeyote katika jengo lile, na alivipiga rangi mwenyewe. Alikunywa chai bila sukari, maana sukari ilikuwa ya magendo, lakini aliikoroga kila mara mpaka kijiko kikalia. Sista wa chumba cha dharura, mama wa Kikenya asiyemhofia mtu, alimwuliza anakoroga nini. "Nakoroga matumaini," alijibu. "Acha kuyakoroga, yatapoa," sista akamwambia.

Alikuwa mkali kwa waliochelewa, naye mwenyewe alichelewa. Alikuwa daktari, lakini hakuweza kuona damu. Kulikuwa na ngazi mbili za kushukia, na alitumia ile ya nyuma, ya watu wa jikoni, ili asipite kwenye chumba cha dharura. Alisema kazi yake ni kivuli, si mwenye kivuli. Nilimwona akigeuka rangi kwa sababu ya mtu aliyejikata kidole kwa kopo. Mtu huyo huyo aliweza kutazama picha ya paja lililovunjika vipande kama kuni, huku akitafuna gonja, ndizi ya kuchoma, akaeleza kila kipande kilipokwenda.

Alikuwa na desturi ya kulifunika jina la mgonjwa kwa kidole gumba kabla ya kusoma. Mwanzoni nilidhani ni ajali. Baadaye nilielewa. Jina lingemwambia kabila, na kabila lingemwambia kama mtu huyo alikuwa wa waliokuwa wakipiga au wa waliokuwa wakipigwa. "Pafu halina kabila," alisema. "Nikijua jina, nitaanza kusoma jina." Hata hivyo hakuwasahau wagonjwa wake. Tukiwa sokoni siku moja alimsimamisha mwanamke aliyebeba nyanya, akamwonyesha begani, akamsalimu kwa furaha: "Wewe! Mtulinga uliovunjika Krismasi! Umeunga vizuli?" Mwanamke alimkimbia.

Kuhusu nafasi yake katika hospitali alikuwa na usemi mmoja. "Wale walio chini wana mgonjwa, hawana muda. Mimi nina muda kidogo, sina mgonjwa. Tukiunganishwa tunapata daktari mmoja mzima." Na ni kweli kwamba chini walimtegemea. Mgonjwa wa dharura hangoji. Daktari wa upasuaji anaona ngozi, anasikia mlio, anakisia, lakini akishika kisu anataka mtu wa kumwambia ndani kuna nini na ni wapi. Madaktari wengi walikuwa wameondoka nchini. Wageni waliondoka kwanza, kisha wenyeji wenye pasipoti, kisha hata wasio nazo. Mgonjwa aliyetushinda tulimpeleka hospitali kuu ya Mulago, kama petroli ilipatikana. Yeye alipata wito wa kazi nje zaidi ya mara moja. Alinijibu nilipomwuliza: "Macho yangu yamezoea vifua vya hapa."

Jambo jingine la kumjua ni kwamba alisoma kila picha mara mbili. Mara ya kwanza alisoma upesi kutoka juu, akatoa jibu ili walio chini waanze kazi. Mara ya pili alianza chini kabisa, kwenye tumbo, akapanda polepole kama mtu anayekagua ngazi, hata kama jibu lilikuwa limekwisha kutoka. Sista aliona hiyo ni kupoteza wakati. "Umeshasema, Daktari. Unatafuta nini tena?" Naye akasema, "Namtafuta yule aliyesema."

Sasa nieleze kanuni. Kulikuwa na mama mmoja aliyegongwa na gari, akaletwa bila fahamu. Nyonga yake ilikuwa na ufa mwembamba usioonekana kwa nje. Daktari aliusoma, akapiga simu wodini, akamwambia karani kwamba ni nyonga ya laiti. Alimaanisha upande wa kulia, kwa Kiingereza cha kwetu. Karani alikuwa mtu mwangalifu, akaandika herufi ya kwanza ya neno alilolisikia: L. Lakini kwa kila daktari L ni lefti, yaani kushoto. Mguu mzima ukafungwa uzito na ule wenye ufa ukaachwa. Mama alipozinduka aliutazama mguu wake ukiwa umening'inizwa, akauliza, "Huu umekosa nini hata mkaufunga?" Sista alikuja kutuhadithia akiwa ameshika ubavu kwa kicheko, lakini daktari hakucheka. Mguu ulibadilishwa siku ile ile, naye alikaa dirishani bila picha mkononi.

Nilimwambia, "Daktari, kwa Kiswahili chetu laiti ni neno la mtu aliyechelewa. Laiti ningejua. Laiti ningekuwapo."

Akanifanya nilirudie. "Kumbe miaka yote nimekuwa nikisema majuto kwenye simu?"

"Ndiyo, Daktari."

"Basi hapa hatutaki laiti."

Akatunga kanuni. Tangu siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kutaja pande kwa Kiingereza. Upande wa kushoto uliitwa upande wa moyo, wa kulia ukaitwa upande wa ini. Mganda, Mkenya, Mkongo, kila mtu anajua moyo uko wapi, na hakuna l wala r ya kupotosha. Hospitali nzima ililishika neno hilo. Nilimsikia sista akimwagiza mfagiaji: "Kaka, niletee hicho kiti, cha upande wa ini." Daktari alijivunia kanuni ile kama alivyojivunia viatu vyake.

Asubuhi ninayoizungumzia, lori la jeshi lilipinduka nje ya mji. Walimleta dereva, na nyuma yake afisa mmoja mrefu na askari wake, bunduki mabegani. Dereva alikuwa akipumua kama samaki aliyetolewa majini. Kifua kilikuwa kimechubuka pande zote mbili, na kwa kelele za askari daktari wa upasuaji hakuweza kusikia vizuri ni pafu lipi lililokufa. Alihitaji picha. Nilipeleka mashine yetu ya magurudumu, nikapiga. Kwenye kila picha tuliweka herufi ndogo ya madini ya risasi ili upande ujulikane, kwa sababu miale haipiti kwenye risasi. Niliweka L upande wa kushoto wa mgonjwa, nikaosha picha, nikapanda mbio. Sista alinifuata akasubiri mlangoni.

Daktari alifunika jina, akaiinua picha. "Hewa imevuja, imejaa upande wa ini, imebana sana. Waitoe sasa hivi."

Sista akashuka. Jibu lilikuwa limekwenda. Daktari akaanza kusoma mara ya pili, kutoka chini.

Akasimama. Sikumwona akisimama hivyo kabla. Akakisogeza kichwa karibu na kioo.

"Muswahili. Hii herufi uliiweka wewe?"

"Mimi, Daktari."

"Wapi?"

"Kushoto kwa mgonjwa."

"Una hakika?"

"Nilikuwa na hakika mpaka uliponiuliza."

Akanionyesha. Moyo ulikuwa upande usio na herufi yangu. Hewa ya tumbo, ambayo hukaa chini ya moyo, ilikuwa huko huko. Ini lilikuwa chini ya L. Hewa mbaya, ile iliyolibana pafu, ilikuwa upande wa L pia. Niliona mambo mawili tu yanayowezekana. Ama nimeweka herufi kinyume, na hapo kuna askari chini watakaotaka kujua kwa nini. Ama herufi ni sahihi na mtu huyu ameumbwa kama anavyoonekana kwenye kioo, moyo kulia, ini kushoto. Kama ni hivyo, ile kanuni nzuri ilikuwa imempeleka mwenye kisu upande ambao pafu lilikuwa zima, pafu pekee alilobaki nalo.

Daktari alitupa picha mezani na kukimbia. Hakutumia ngazi ya nyuma. Alipita ngazi ya mbele, akaingia moja kwa moja katika chumba alichokikwepa miaka yote.

Nami nilimfuata. Tulikuta mgonjwa amepakwa dawa upande wa kulia, daktari wa upasuaji ameshika kisu.

"Ngoja!" Daktari alisema. "Ngoja kwanza."

"Ningoje nini? Anakwisha," daktari wa upasuaji alisema, na alikuwa na haki. "Umesema upande wa ini."

"Herufi inasema kingine."

"Basi herufi ya risasi imewekwa vibaya. Hutokea."

Afisa alisikia neno moja tu. "Risasi? Risasi gani? Mimi naambiwa ni ajali ya lori! Nani naweka risasi kwa kifua ya mutu yangu?"

Askari wawili walisogea. Sista akajitia kati, mikono kiunoni. "Afande, ni kichuma kidogo tu cha kuwekea alama. Kama sindano. Tulia."

"Nani naweka hiyo kichuma?"

"Mimi," nilisema. Sauti yangu ilitoka ndogo.

"Na wewe naweka mubaya?"

Sikujua. Huo ndio ukweli. Nilijaribu kukumbuka mkono wangu ulipita wapi na sikukumbuka chochote ila kelele.

Daktari alikuwa amekwisha kuinama juu ya dereva. Palikuwa na damu kwenye shuka, na kwenye shati, na nilimwona akiiona. Aliweka kiganja kimoja kushoto kwa kifua, kingine kulia.

"Afande," alisema bila kugeuka, "nakuomba unyamaze kidogo. Nataka kusikia moyo."

Afisa akanyamaza. Nadhani hakuna raia aliyekuwa amemwambia hivyo kwa muda mrefu. Daktari akakiondoa kiganja cha kushoto, akaacha cha kulia, akaweka sikio hapo juu ya mkono wake, kwenye ile dawa.

"Uko huku," alisema. "Moyo wake uko kulia. Herufi ni sahihi. Hewa iko kushoto. Ingia kushoto."

Daktari wa upasuaji aliupeleka mkono kifuani, akahakikisha mwenyewe, akatikisa kichwa mara moja kukubali. Akazunguka kitanda. Kisu kiliingia, bomba likafuata, na hewa ikatoka kwa mlio wa tairi iliyochomwa. Dereva alivuta pumzi moja ndefu, kisha nyingine. Midomo yake ilianza kurudiwa na rangi. Sista alisema "Asante Yesu" na askari mmoja akasema "Alhamdulillahi", kwa wakati mmoja.

Hapo afisa akarudi kwenye swali lake. "Kwa hiyo nani nakosea?"

Njia rahisi ilikuwa wazi. Herufi ilikuwa ndogo, ilileta wasiwasi, ningeweza kulaumiwa mimi na jambo likaisha hapo. Daktari alinyoosha mgongo. Uso wake ulikuwa wa kijivu kwa sababu ya ile damu, na kiatu kimoja kilikuwa kimekanyaga ndani yake.

"Mimi," alisema. "Huyu kijana wa picha hakukosa. Neno lililotoka juu lilikuwa langu, na lilikuwa baya."

"Wewe nakosea halafu nasema mbele yangu?"

"Nimesema kabla kisu hakijaingia, Afande. Baada ya hapo ingekuwa hadithi."

Afisa alimtazama, akamtazama dereva wake anayepumua, akatutazama sote. "Huyu," alisema mwishowe, akielekeza kidole kitandani, "mimi najua yeye miaka tatu. Kumbe moyo yake iko kwa mulango ingine." Akacheka peke yake. Sisi tulichelewa kidogo kucheka, kisha tukacheka kwa nguvu kuliko ilivyostahili.

Daktari alipanda ngazi, akafika dirishani, akazimia. Nilimwagia chai yake isiyo na sukari.

Kesho yake aliifuta kanuni. Wengine walimsihi aibakize, kwani watu wa namna ile ni wachache sana. Alikataa. "Kanuni inayomwua mmoja tu, imemwua mtu." Akanikalisha tukatafuta neno jingine. Mimi ndiye niliyesema kwamba kwa Kiswahili mkono wa kulia umepata jina kwa kuwa ndio wa kulia chakula. Akapiga meza: kwa Luganda pia, ddyo, yaani upande wa kulia, na kula ni ndugu. Basi kila mgonjwa wa dharura akafungwa kitambaa kwenye mkono wa kula, na pande zikatajwa kwa kitambaa, kile ambacho kila mtu anakiona kwa macho.

"Na anayekula kwa mkono mwingine?" sista aliuliza.

"Katika Buganda?" Daktari alishangaa. "Mama yake yuko wapi?"

Nilimwona mara ya mwisho nyumbani kwake Makindye, miaka kadhaa baada ya serikali ile kuanguka. Alikuwa amestaafu. Jicho moja lilikuwa na ukungu, lakini viatu vilikuwa vinang'aa. Hospitali ilikuwa imepata vijana wa kujifunza kusoma picha, na mimi nilitumwa kumwomba aje awafundishe. Alinisikiliza, akasema macho yake si yale, kwamba vijana wana vitabu vipya. Nikaona ananikatalia kwa adabu. Basi nikamwuliza nililokuwa nimelibeba muda wote.

"Daktari, siku ile ungeweza kunyamaza. Herufi ingelaumiwa, nami pamoja nayo. Kwa nini ulisema?"

Alifikiri kama alivyokuwa akifikiri dirishani. "Nikuambie ukweli? Nilikuwa nimebaki na mpiga picha mmoja tu. Wakikuchukua wewe, kesho nasoma nini?"

Nilicheka, naye akacheka. Mkewe alikuwa anamenya matoke kwenye kibaraza, akasema bila kuinua kichwa, "Usimwamini, mwanangu. Siku ile alirudi akafunga begi. Shati mbili, mswaki, Biblia. Akaliweka hapo mlangoni, likakaa wiki nzima. Alikuwa anawasubiri wale askari waje."

Daktari alitazama mlango. Nami nikautazama. Nje watoto wa jirani walikuwa wakigombania mpira, na matoke yalianguka kwenye sufuria moja moja.

"Hao vijana," aliuliza, "wanaanza lini?"

"Jumatatu, Daktari."

Akamgeukia mkewe. "Lile begi liko wapi?"